CellProfiler, mtandao uliokwisha kufunzwa, au ufunze wako: njia ipi ya kusoma picha za seli unapotafuta dawa?

Sahani moja ya maabara yenye vishimo 384, ukiipiga picha sehemu 9 katika kila kishimo kwa mikondo 5 ya rangi, inakuachia picha 17,280. Zikiwa za pikseli 1,080 kwa 1,080 na biti 16, bila kubanwa, ni kama gigabaiti 40. Na hiyo ni sahani moja. Uchujaji wa dawa, hata ule wa wastani, hutumia sahani nyingi, na kila sahani hurudiwa. Hakuna mtu atakayezipitia picha hizo kwa makini ileile kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo kazi inakwenda kwa kompyuta. Kinachowasumbua wengi ni kuchagua kompyuta izisome kwa njia gani.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni ya vipimo vilivyobuniwa na watu: programu inatafuta kiini, inafuata mipaka ya seli, kisha inapima ukubwa, umbo, mng'ao na mpangilio wa vilivyomo ndani. Hapa jina kubwa ni CellProfiler. Ya pili ni kuchukua mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, ambao wengine wamekwisha kuufunza kwa picha nyingi, ukaupitishia picha zako na kuchukua namba ambazo mtandao huo unatoa. Ya tatu ni kufunza mtandao wako mwenyewe kwa picha zako mwenyewe.

Ninamwandikia mwanafunzi wa uzamili au mtu wa maabara ndogo, si kampuni yenye jumba zima la kompyuta. Na niseme mapema ninakoegemea: anza na ya kwanza, iongezee ya pili, na ya tatu iache mpaka upate sababu ya kweli ya kuihitaji. Ila mabishano ya programu gani ni bora yanachukua nafasi kubwa kuliko yanavyostahili, na nitaonyesha kwa nini.

Swali lako lina jina?

Kabla ya kulinganisha programu, tazama unachokitafuta. Yapo majaribio ambayo swali lake linajulikana tangu mwanzo. Vimelea vya leishmania, vinavyoleta ugonjwa wa kala-azar, huishi ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, na anayetafuta dawa ya ugonjwa huo anataka kujua jambo moja: kemikali hii imepunguza vimelea kwa kiasi gani katika kila makrofaji, bila kuyaua makrofaji yenyewe? Hapo ni kuhesabu. Rangi ya DNA inaonyesha kiini kikubwa cha makrofaji na nukta ndogo za vimelea pembeni yake. Unatenga vikubwa na vidogo kwa ukubwa, unahesabu, unagawanya. Kupeleka mtandao wenye mamilioni ya vigezo kwenye swali la namna hiyo ni kukodi lori la tani kumi kubebea kikapu cha nyanya.

Malaria ina mtego wake. Chembe nyekundu ya damu haina kiini, kwa hiyo nukta ya rangi ya DNA ndani yake karibu kila mara ni kimelea. Lakini taratibu nyingi za CellProfiler zinazosambazwa mitandaoni zimejengwa juu ya dhana kwamba kila seli ina kiini: tafuta kiini kwanza, kisha tanuka mpaka kwenye mpaka wa seli. Ukiinakili taratibu hiyo kwa damu, chembe zote zisizo na kimelea zinapotea kwenye hesabu, na asilimia ya maambukizi unayoipata haina maana. Inabidi uigeuze: chembe kwanza, nukta baadaye. Tena lenzi ya mara 20, inayotosha kwa seli kubwa za maabara, ni dhaifu kwa pete ya kimelea iliyomo ndani ya chembe yenye upana wa mikromita 7 hivi. Utahitaji mara 60 au zaidi, na picha zitaongezeka.

Swali la malaria likibadilika kidogo, jibu nalo linabadilika. Ukitaka kujua kemikali imekisimamisha kimelea katika hatua gani, iwe pete, trofozoiti au skizonti, kuhesabu nukta hakutoshi tena. Hapo unahitaji mashine inayojifunza kutofautisha maumbo kutokana na mifano uliyoitia alama wewe. Hata hivyo bado ni kazi ndogo yenye lebo zinazoeleweka, na kiainishi cha kawaida juu ya vipimo vya CellProfiler kinaweza kuifanya.

Aina ya pili ya swali haina jina. Jaribio linalotajwa zaidi hapa linaitwa Cell Painting. Lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 2013, na mwongozo wake wa kina ukatoka katika jarida la Nature Protocols mwaka 2016. Rangi 6 hupigwa picha kwa mikondo 5 na kuonyesha sehemu 8 za seli: kiini, nukleoli, RNA ya saitoplazimu, retikulamu ya endoplazimu, nyuzi za aktini, Golgi, utando wa nje na mitokondria. Seli zinazotumika sana ni U2OS, zilizotokana na saratani ya mfupa ya binadamu. Zinapendwa kwa sababu hutandaa bapa na hazipandiani sana. Unatia kemikali, unasubiri siku moja au mbili, unapaka rangi, unapiga picha. Kisha unatazama ni kemikali zipi zimezibadilisha seli kwa namna inayofanana. Kemikali usiyoijua ikileta mabadiliko yaleyale yanayoletwa na dawa ambayo kazi yake inafahamika, umepata pa kuanzia.

Ni kwa maswali haya yasiyo na jina ndipo ulinganisho wa njia tatu unakuwa na maana. Mwenye swali lenye jina anaweza kuishia hapa, akafungue CellProfiler.

CellProfiler: polepole, lakini inajieleza

CellProfiler ilianzishwa na Anne Carpenter na Thouis Jones, ikachapishwa mwaka 2006, na leo inatunzwa katika Taasisi ya Broad huko Massachusetts, Marekani. Ni programu huria, ya bure, na haihitaji ujue kuandika msimbo. Unapanga hatua moja baada ya nyingine: tafuta viini, tafuta seli kwa kuanzia kwenye viini, toa kiini kwenye seli ubaki na saitoplazimu, halafu pima. Katika mwongozo wa Cell Painting wa 2016 kila seli hutoa vipimo takriban 1,500. Vingi ni mambo ya kizamani kabisa: kizingiti cha Otsu, yaani kiwango cha mng'ao kinachotenga seli na mandhari yake, ni cha 1979, vipimo vya umbile la uso wa picha vya Haralick ni vya 1973. Uzamani wao haujawapunguzia kazi.

Nguvu yake kubwa ni kwamba kila namba ina jina. Etoposide huharibu DNA na kufanya viini vivimbe, na kipimo cha eneo la kiini kinapanda. Cytochalasin D huvuruga aktini, nawe unaona umbo la seli na mpangilio wa mkondo wa aktini vikibadilika. Unapokwenda kwa mkemia na kumwambia "kemikali yako inavimbisha viini na kutawanya mitokondria", mnaweza kuzungumza. Ukimwambia "namba ya 217 katika mtandao imepanda", mazungumzo yamekwisha.

Majina hayo husaidia zaidi pale mambo yanapoharibika. Tuseme mng'ao wa mitokondria umepanda katika vishimo vyote vya ukingoni mwa sahani. Mwenye majina anajua mara moja kwamba hiyo si dawa: vishimo vya ukingoni hukauka haraka kuliko vya katikati, chumvi zinakolea, seli zinataabika. Mwenye mtandao anaona tu kwamba vishimo hivyo "viko tofauti", na anaweza kushangilia kabla hajauliza.

Udhaifu wake upo kwenye kutenganisha seli. Vizingiti vinarekebishwa kwa mkono, na vinavyofaa kwa sahani ya Jumatatu huenda visifae kwa ya Alhamisi. Seli zinazoota kwa mafungu, kama HepG2 za ini, zinaunganishwa kuwa seli moja au kukatwa vipande. Na picha za hadubini ya mwanga wa kawaida, zisizo na rangi yoyote, karibu zinaishinda kabisa. Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana: inapima yale tu ambayo mtu aliwahi kufikiria kuyapima.

Kutenganisha seli: hapa usibishane, tumia mtandao

Kazi hii mitandao ya neva imeshinda, na sioni sababu ya kurudi nyuma. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walileta U-Net, mtandao uliojifunza kukata mipaka kutokana na picha chache tu zilizochorwa na watu. Shindano la Data Science Bowl la 2018 lilikuwa juu ya kutafuta viini katika picha za aina nyingi tofauti, na washindi wote wa juu walitumia mitandao ya neva. Mwaka huohuo ikatoka StarDist, inayochora kila kiini kama pembe nyingi kuizunguka nukta ya katikati. Kisha ikaja Cellpose ya Carsen Stringer na Marius Pachitariu wa kituo cha utafiti cha Janelia, Marekani, iliyochapishwa rasmi 2021 na kufunzwa kwa zaidi ya seli 70,000 zilizochorwa kwa mkono.

Kati ya hizo mbili kuchagua si kazi ngumu. Viini vya duara vilivyosongamana: StarDist, ni nyepesi na haraka. Seli nzima zenye maumbo ya ajabu: Cellpose. Namna StarDist inavyochora haifai kwa kitu kirefu kilichopindapinda, kama neva na matawi yake. Cellpose ikikosea kwenye seli zako, toleo la pili la 2022 liliruhusu mtumiaji kurekebisha makosa na kuifunza upya papo hapo. Watunzi wake walionyesha kwamba seli 100 hadi 200 zilizorekebishwa zinaweza kutosha. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kama una kompyuta mpakato ya zamani tu, ilastik ya Heidelberg inakuwezesha kupaka rangi pikseli chache kwa brashi, "hii seli, hii si seli", na inajifunza bila kadi ya GPU, kifaa kinachoharakisha hesabu za mitandao ya neva.

Cha kufurahisha ni kwamba huhitaji kuhama. Kuna kiongezi kinachoiendesha Cellpose ndani ya CellProfiler. Mtandao unakata mipaka, CellProfiler inapima, majina yanabaki. Kwa maabara ndogo, mimi naona mchanganyiko huu ndio bora kuuanza nao.

Kama picha zako ni za vipande vya tishu na si seli za sahani, achana na haya yote ukatafute QuPath.

Kuazima macho ya wengine

Njia ya pili inashangaza kidogo. DINOv2 ya Meta, ya mwaka 2023, ilifunzwa kwa picha milioni 142 za dunia ya kawaida, bila lebo. Haikufunzwa kwa ajili ya seli. Hata hivyo, ukiipa picha za seli inatoa namba zinazotofautisha dawa vizuri, kwa sababu kingo, madoa, mikunjo na kurudiarudia kwa mistari ni mambo yaliyomo katika kila aina ya picha.

Tatizo la kwanza ni mikondo. Mitandao hii inategemea rangi tatu za kamera, nawe una mikondo 5. Suluhisho la kawaida ni kuupitisha kila mkondo peke yake, ukiurudia mara tatu, kisha kuziunganisha namba. Toleo dogo la DINOv2 hutoa namba 384, kwa hiyo mikondo 5 inakupa 1,920 kwa kila picha. Kinachopotea ni uhusiano kati ya mikondo: je, mitokondria zimesogea karibu na kiini? CellProfiler hupima hilo waziwazi. Mtandao uliolishwa mkondo mmojammoja haulioni.

Ipo pia mitandao iliyofunzwa kwa picha za Cell Painting zenyewe. Mradi wa DeepProfiler uliunganisha data za tafiti kadhaa na kutoa mtandao ambao, kwa ripoti yao ya 2024, uliboresha matokeo hadi kama asilimia 30 ukilinganishwa na vipimo vya kawaida. Ukiwa na rangi zilezile za Cell Painting, anza na huo kabla ya DINOv2. Rangi zako zikiwa tofauti, faida hiyo usiihesabu kabla ya kujipimia mwenyewe.

Ugumu wa njia hii ni mdogo. Huhitaji lebo, na unaweza hata kuruka kutenganisha seli kwa kukata picha katika miraba. Kadi ya GPU inasaidia, lakini kwa kuwa hufunzi chochote, ya kuazima kwa saa chache inatosha.

83, 94, 96

Sasa nifike kwenye hoja niliyoiahidi. Seti ya picha iitwayo BBBC021 imetumika sana kupimia njia hizi. Ni seli za MCF-7 za saratani ya matiti zilizotiwa kemikali 113 kwa viwango 8 vya nguvu. Sehemu yake moja, yenye michanganyiko 103 ya kemikali na kiwango, ina majibu yanayojulikana: namna 12 za utendaji wa dawa.

Mwaka 2013 Vebjorn Ljosa na wenzake walichukua vipimo vya CellProfiler vya picha hizo na kuvifupisha kwa njia tano tofauti. Wastani wa kawaida ulibashiri kwa usahihi wa asilimia 83. Uchambuzi wa vigezo fiche, mbinu ya takwimu iliyokuwapo kabla ya kompyuta, ukapata 94. Mwaka 2017 watafiti wa Google walitumia mtandao uliofunzwa kwa picha za kawaida, wakazisawazisha namba zake kwa kutumia vishimo vya ulinganisho vilivyotiwa kiyeyushi tu, wakapata 96.

Fanya hesabu. Kati ya 94 na 96, katika michanganyiko 103, tofauti ni michanganyiko miwili. Kati ya 83 na 94 ni kama kumi na mmoja, nayo ilipatikana kwa picha zilezile na programu ileile, bila kadi ya GPU hata moja. Kinachofanywa baada ya kupima kilileta zaidi kuliko kubadilisha kipimo. Kusawazisha kila sahani kwa vishimo vyake vya ulinganisho, kutupa vipimo visivyobadilika au vinavyorudia vingine, kulinganisha nakala za kemikali ileile kati ya sahani na sahani: hizo ndizo saa zinazolipa. Maktaba ya Python iitwayo pycytominer hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

BBBC021 yenyewe ina somo jingine. Baadhi ya zile namna 12 zilipigwa picha katika mkupuo mmoja tu, yaani kundi moja la sahani zilizoandaliwa na kupigwa picha pamoja. Mashine inayotambua mkupuo, kwa mwanga wa siku ile au ukolevu wa rangi ya siku ile, inaweza kupata jibu sahihi bila kujua lolote kuhusu dawa. Ndiyo maana watafiti makini wanatoa pia alama ya pili, inayokataza kulinganisha na kemikali ileile au na mkupuo uleule. Ukisoma makala inayojisifu kwa asilimia 98, tafuta alama hiyo ya pili. Isipokuwepo, sifa hizo zipunguze.

Kufunza wako

Niliyosema hivi punde ndiyo sababu naiogopa njia ya tatu mikononi mwa anayeanza. Mtandao unaoufunza mwenyewe ni mwanafunzi mvivu mwenye akili: utachukua njia ya mkato yoyote utakayouachia. Njia ya kawaida ya kuufunza ni kuuambia ubashiri ni kemikali gani iliyotiwa. Kama kemikali A imekaa kishimo C05 katika kila sahani, mtandao utajifunza harufu ya kishimo C05: kivuli cha ukingo, seli chache kidogo, umakini wa lenzi uliolegea. Alama zake zitakuwa nzuri, na hazitakuwa na thamani. Ukiamua kufuata njia hii, badilisha nafasi za kemikali kati ya sahani na sahani kabla hujatia tone la kwanza. Hakuna msimbo utakaolirekebisha hilo baadaye.

Kampuni ya Recursion ya Salt Lake City, mojawapo ya kampuni zilizojijenga juu ya kazi hii, ilitoa mwaka 2019 seti ya RxRx1 kwa ajili ya tatizo hili hasa: picha 125,510 kutoka majaribio 51, aina 4 za seli, na RNA fupi 1,108 za kuzima jeni. Swali la shindano lake lilikuwa: je, mtandao wako unaweza kuitambua RNA ileile katika jaribio ambalo haujawahi kuliona? Kama unataka kujifunza kufunza, jifunzie hapo, si kwenye sahani zako tatu.

Lini basi inafaa? Ukiwa na maelfu ya kemikali, mikupuo mingi, na aina ya seli au hadubini ambayo mitandao iliyopo haijaizoea. Seli hai zinazopigwa picha bila rangi saa baada ya saa ni mfano mzuri. Vipimo vya kawaida hapo vinashika kidogo mno.

| Jambo | CellProfiler pamoja na Cellpose | Mtandao uliofunzwa na wengine | Kufunza wako |
|---|---|---|---|
| Kompyuta | Ya kawaida yatosha. GPU husaidia Cellpose | GPU ya kuazima | GPU yako, kwa siku nyingi |
| Lebo | Hazihitajiki | Hazihitajiki | Mara nyingi zinahitajika |
| Kueleza matokeo | Rahisi | Vigumu | Vigumu |
| Picha zisizo na rangi | Dhaifu | Wastani | Nzuri, data ikitosha |
| Hatari kuu | Vizingiti vibaya | Mikondo isiyolingana | Kujifunza mkupuo badala ya dawa |

Huna hadubini? Anza hivyohivyo

Hadubini ya kupiga sahani nzima yenyewe ni ghali, na sitarajii kila msomaji wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi awe nayo. Lakini ujuzi wa kuchambua hauhitaji hadubini. Muungano wa JUMP, ulioongozwa na Broad pamoja na kampuni kubwa za dawa, umeachia bure picha za Cell Painting za takriban kemikali 116,000 na maelfu ya jeni, zilizopigwa katika maabara 12. Ukiwa na bando la simu usithubutu kupakua picha zenyewe. Pakua majedwali ya vipimo vilivyokwisha kutolewa, ni madogo kwa mbali; au fanyia kazi picha kulekule zilikohifadhiwa. Kwa kuwa zimetoka maabara 12, utakutana na athari za mikupuo za kila aina, na mwalimu mzuri zaidi sijamwona.

Usidhani pia kwamba picha zilizopigwa kwa swali moja zimekwisha kazi. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya dawa ya Janssen na washirika wao walichukua picha za jaribio la kipokezi cha glukokotikoidi, lenye zaidi ya kemikali 500,000, wakapima mamia ya vipimo vya kawaida kwa seli, na kuvitumia kubashiri majaribio mengine yasiyohusiana nalo. Katika miradi miwili, kemikali zilizochaguliwa hivyo ziliongeza kiwango cha mafanikio mara 50 hadi 250 kuliko uchujaji wa mwanzo.

Picha ya seli si mgonjwa

Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Utah lilieleza jinsi lilivyochuja takriban kemikali 2,100 zinazojulikana dhidi ya ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo uitwao kwa kifupi CCM, kwa kusoma picha za seli zilizozimwa jeni ya ugonjwa huo. Kemikali moja iliyojitokeza ikawa REC-994 ya Recursion, ikafika kwa wagonjwa katika awamu ya pili ya majaribio. Mwaka wa kwanza ilionekana salama, na kulikuwa na dalili za kutia moyo katika picha za ubongo. Ufuatiliaji wa muda mrefu haukuzithibitisha, na Mei 2025 kampuni ikausitisha mradi huo. Sioni hapo kosa la picha. Picha ilifanya kazi yake: ilichagua wachache kutoka kwa wengi. Lakini anayekuuzia njia yoyote kati ya hizi tatu akikwambia itakupunguzia majaribio kwa wanyama na kwa watu mpaka yaishe, mtilie shaka.

Ningeanza hivi

Sahani ya kwanza: vishimo vingi vya kiyeyushi tu, vilivyotawanywa kote na si safu moja ya pembeni, pamoja na dawa chache ambazo kazi yake inajulikana. Paclitaxel, nocodazole, etoposide na cytochalasin D zinatosha. Mabadiliko yake huonekana hata kwa jicho. Cellpose ikate mipaka, CellProfiler ipime, pycytominer isawazishe. Nakala za dawa ileile kutoka sahani tofauti zisipokaribiana kuliko zinavyokaribiana na dawa nyingine, simama hapo urekebishe maabara, usibadilishe programu.

Zikikaribiana, pitisha picha hizohizo katika mtandao uliofunzwa na wengine, ulinganishe kwa alama ileile, ukiacha mkupuo mmoja nje kila mara. Mtandao ukishinda kwa tofauti inayojirudia katika kila mkupuo, utumie kuorodhesha kemikali, na vipimo vya CellProfiler uvitumie kueleza zile zilizotoka juu. Usiposhinda, umepoteza siku mbili tu.

Na picha ghafi usizifute, hata diski ikijaa. Vipimo unaweza kuvitoa upya wakati wowote. Cellpose ya leo si ile ya 2021, na toleo la 2025 limejengwa juu ya mtandao tofauti kabisa. Andika namba ya toleo la kila programu ndani ya folda ya kila sahani, kwa sababu mhakiki wa makala yako ataiuliza.